Fulana ya Kampuni ya Rangi

Jumatatu, 3 Machi

Natangaza kwa majonzi makubwa kifo cha soksi yangu ya kushoto, ile ya bahati, kilichotokea leo asubuhi mazoezini baada ya kuugua kisigino kwa muda mrefu. Marehemu ameacha mwenza mmoja, soksi ya kulia, ambaye hana tena kazi duniani. Mazishi yamefanyika kwenye pipa la taka karibu na mlango wa choo. Timu nzima imesimama kimya kwa heshima — kocha akadhani tunamsikiliza yeye.

Soksi ile niliivaa siku tuliyochukua ubingwa. Ushirikina? Hapana. Kumbukumbu tu, yenye harufu.

Twiga — ndiye mrefu wetu, huinamia kila mlango hata usiomhusu — kanipa pole. "Jikaze, Bibi. Aliishi maisha marefu. Wengine tulikuwa tunamwamkia." Hapa wote wananiita Bibi. Nina miaka thelathini na sita. Mtaani bado mimi ni dada wa watu; kwenye mpira wa kikapu mimi ni jengo la kihistoria.

Msiba wa pili: mashine ya kufulia ya klabu imekata roho. Mama Vifaa, anayetunza jezi na mipira yetu, katangaza kwamba jezi nyeupe, tunazovaa kwenye mechi za uwanja wetu, kila mtu atakwenda na yake kwake na kuifua. Cheche akauliza kama kuna sabuni maalumu. Mama Vifaa akasema yeye kalea watoto wanne, kafua akamaliza, asiulizwe habari za sabuni mpaka siku ya kiyama.

Cheche ni kinda wetu. Ndiye anayecheza nafasi yangu, yaani kupanda na mpira na kuwagawia wenzake. Nimemfundisha mwenyewe. Nimemfundisha vizuri mno, ndiyo shida.

Nimefika chumbani, simu inaita. Dada. Shule zinafungwa wiki ijayo, na kuna mtu anataka kuja kuniona nikicheza. Nani? "Nani tena! Mwanao."

Nimekaa kitandani. Nimesimama. Nimekaa tena.

Anakuja!


Jumatano, 5 Machi

Ana miaka kumi na minne sasa. Nilipopata mkataba wa kwanza wa kulipwa alikuwa bado anaanguka akikimbia. Dada akasema nenda, mtoto hatalala njaa mimi nikiwa hai. Nikasema mwaka mmoja tu. Mwaka huo ukazaa mwingine, huo nao ukazaa. Miaka ina uzazi kuliko sungura.

Kila msimu ukiisha huenda kwao na viatu vipya. Kila mara vinambana. Nanunua kwa kipimo cha mguu ninaoukumbuka.

Mwanangu humwita dada yangu Mama. Sina kinyongo — ndiye aliyekesha naye alipougua surua, ndiye aliyeitwa shuleni alipompiga mtoto wa mwalimu. Mimi nikipiga simu, mtoto husema "Shikamoo." Halafu kimya kidogo, mahali ambapo watu huweka jina la mtu. Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Kwangu pale pamebaki wazi. Wala si kiburi, nadhani. Hajui aweke nini.

Bibi kwa timu nzima. Mdogo wangu kwa dada. Nambari saba kwa watangazaji. Na kwake, kimya kile.


Alhamisi, 6 Machi

Kocha kanisifu mbele ya wote. Kisa? Daftari hili.

Huwa nakaa nalo benchi. Mechi ikichosha, naandika. Leo mazoezini kasimama, mikono kiunoni: "Mwangalieni Bibi! Mechi nzima anaandika mbinu za wapinzani. Ninyi mnaandika nini? Meseji!" Wenzangu wakanigeukia kwa aibu. Nikatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa na maelezo ya suruali ya refa.

Kisha akataka aliazime wikiendi akasome. Nimemwambia mwandiko wangu ni mbaya, hata mimi husoma kwa kubahatisha. Kaniamini. Kocha ni kijana mzuri, mdogo kwangu kwa umri, anaamini kila kitu isipokuwa goti langu.


Jumapili, 9 Machi

Ugenini. Tumeshinda. Nimecheza sana — kwa macho.

Benchi la kule ni la mbao, lina msumari mmoja. Nimeshaujua. Twiga alitaka kukalia nikamwambia hapana, huyo ni wangu.

Kuna sauti moja hainitoki. Mpira ukidunda kwenye sakafu ya mbao, mkono wako ukiwa juu yake, haulii kama akiudundisha mwingine. Ukiwa wako hausikii kwa sikio, unausikia tumboni. Nikiwa benchi nasikia mlio tu. Kama kusikia majirani wanakula.

Tena siri — hapa naweza kuisema, maana kocha anadhani ni mbinu. Siku hizi chini ya koti la mazoezi sivai jezi. Zamani ungeniua kwanza. Lakini jezi ya kufua kwa mkono, nyeupe au ya buluu ya ugenini, inakauka ngumu kama makaratasi, inakata kwapa, na kukaa nayo benchi mechi nzima bure ni adhabu bila kosa. Basi navaa fulana. Nilipewa na kampuni ya rangi za nyumba walipofungua duka. Kifuani imeandikwa HAIBANDUKI, HAIPAUKI. Laini sana. Jezi inakaa kwenye begi. Nikiitwa nitakwenda chumba cha kubadilishia nguo kuivaa.

Sijaitwa.


Jumanne, 11 Machi

Mchua misuli wetu huongea na goti langu, siyo na mimi. "Shikamoo mzee. Umelalaje?" Anabonyeza, goti linajibu kwa mlio. "Aisee, leo mzee ana hasira." Nikamuuliza mzee anasemaje kuhusu Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, mechi ya mwisho ya msimu, uwanja wetu. Akabonyeza tena. Akasema mzee anasema robo moja ya mchezo anaiweza, akipashwa moto vizuri na asiudhiwe.

Robo moja! Nisingeomba zaidi. Robo moja mwanangu akiwa jukwaani.

Nikiwa bado na barafu gotini, kocha akaja kukaa pembeni yangu kwa ile sauti ya kuleta habari za msiba. Mkataba wa uchezaji hauongezwi. Nilijua. Ukuta ukitoa nyufa hausubiri fundi akuambie. Lakini — akainua kidole — anataka niwe msaidizi wake msimu ujao. Kwa sababu ya daftari! "Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, Bibi."

Maneno mazuri. Ila koleo lenyewe hakuna aliyeliuliza.

Anataka jibu baada ya mechi ya mwisho. Nikikubali kuwa msaidizi, nabaki huku na filimbi shingoni. Nikikataa, narudi kwa dada, nyumba ambayo binti yangu mwenyewe atanionyesha vikombe vinakaa wapi. Nimemwambia nitafikiri. Sifikirii kitu. Nataka kucheza tu. Mara moja, akiwepo.


Ijumaa, 14 Machi

Amefika.

Nilisimama kituoni mapema mno hadi mwenye kioski akaniletea kiti bila kuulizwa. Basi likaingia. Nilimtafuta mtoto. Akashuka msichana mrefu wa mabega mapana, begi bega moja, na nywele zilizosukwa na dada — mistari imenyooka kama imepigwa rula. Nikapitisha macho. Nikarudisha macho. Ni yeye! Mikono ile ni yangu. Mirefu, haijui iwekwe wapi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama." Ndivyo sisi tunavyojibu watoto wetu, tunawaita mama. Nilimwita mama mara tatu kabla ya kufika mlangoni. Yeye hakuniita kitu.

Nimempa viatu. Havimbani! Nilinunua vikubwa safari hii, kwa makusudi. Vinampwaya. Kasema asante sana, atakua.

Chumba changu cha klabu kiko ghorofa ya pili, juu ya fundi wa friji. Kitanda, meza, dirisha linaloangalia nyuma ya jengo ambako kuna kamba ya nguo. Upande ule jua halifiki. Shuka hukauka kwa kudra. Amekagua vyote kwa zamu. Akauliza kama hapa ndipo nilipokuwa miaka yote. Nikasema hapa, na kwingine kama hapa. Akasema alidhani wachezaji wa kulipwa wanakaa pakubwa.

Dada kapiga. "Amekula? Amenywa maji? Usimlaze na feni." Nikamwambia nami ni mzazi. "Najua, mdogo wangu. Ndiyo maana nakuelekeza."


Jumapili, 16 Machi

Nimemtembeza ukumbini. Kuna picha ya ubingwa kwenye korido, nilitaka aione. Picha ipo. Ila wameweka sanduku la kizima moto katikati ya ukuta, limefunika kichwa changu. Nimebaki kuanzia mabegani kwenda chini.

"Huyu ndiye mimi."

Akaangalia magoti ya kwenye picha, akaangalia magoti yangu. "Naam, ni wewe."

Mwerevu! Nilicheka mpaka Mama Vifaa akatoka stoo. Akamwona, akashika kiuno. Kumbe Bibi ana mwana! Tena kamtoa mwana mwenye mikono! Akamuuliza anacheza nini. Binti akasema hachezi, Mama hapendi. Mama — dada, anamaanisha. Mama Vifaa akanitazama mimi, mimi nikatazama kizima moto.

Baadaye tukila wali akanieleza shida yake. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa, kwa kasi, kama mtu anayemwaga maji machafu. Amewaambia wenzake darasani kwamba mimi ni mchezaji. Hawaamini. Akawaonyesha picha za zamani za mtandaoni, wakasema huyo ni mwembamba, siyo ndugu yako. Kuna mmoja, mtoto wa mwenye duka la dawa, anasema mimi ni mfagiaji wa ukumbi na familia inaficha. Basi anataka kunipiga video nikiwa uwanjani. Yeye mwenyewe. Sauti yake isikike. Wataamini.

"Fupi tu," akasema. "Hata ukipasi mara moja."

Nikasema sawa. Nikasema, kwani hiyo ni kazi! Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.


Jumatano, 19 Machi

Mechi ya nyumbani. Alikaa mstari wa pili, simu mkononi, betri imejaa. Alinipungia. Nikampungia. Nikavua koti? Sikuvua koti.

Pointi zilikuwa bega kwa bega. Kocha alimchezesha Cheche mpaka akawa anapumua kama mashine ile iliyokufa. Alipompumzisha kidogo, akampa mpira winga wetu wa kushoto, yule anayedundisha kama anaua mende. Mimi? Nilikuwa napasha viungo nyuma ya benchi. Nilipasha robo zote. Sijawahi kuwa na joto kiasi kile maishani.

Tumefungwa kwa kikapu kimoja. Sasa Jumamosi tukipoteza tunashuka daraja.

Tulipofika chumbani nikavua koti nikasahau. HAIBANDUKI, HAIPAUKI. Akaisoma. Aliisoma polepole mpaka chini, hata nambari ya simu ya kampuni.

"Jezi yako iko wapi?"

"Kwenye begi."

"Huwa unakaa hivi?"

Nikasema siku moja moja. Nikasema inabana. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza chai naweka sukari kiasi gani. Akanipikia chai. Kisha, amenipa mgongo, akasema siyo lazima kucheza. Ameshapiga video ya benchi. Nimekaa vizuri, amesema. Nimenyooka.

Chai yake ni ya dada kabisa. Tangawizi kidogo, isiyotaka ugomvi.


Alhamisi, 20 Machi

Nimemfuata kocha ofisini. Sijawahi kuomba dakika tangu nianze kucheza mpira. Nimeomba. Nilisema binti yangu yupo. Nilisema pasi moja.

Akajikuna kichwa. Akasema anaelewa, hata yeye ana mama. (Mama! Si mke, si mtoto.) Lakini Jumamosi ni kufa na kupona, dakika siyo peremende azigawe kwa wageni. "Na wewe sasa ni benchi la ufundi, Bibi. Fikiria kama kocha."

Nimefikiri kama kocha. Kocha yuko sahihi. Nimechukia sana.


Ijumaa, 21 Machi

Leo!

Mazoezi yaliisha mapema ili tupumzike. Mama Vifaa akaniambia, bila kunitazama, kwamba yeye anakwenda kutafuta fundi wa mashine, na mlango wa ukumbi una kawaida ya kujisahau wazi. Nikamfuata binti chumbani mbiombio.

Nikavaa jezi. Kabisa! Nyeupe, nambari saba, ikikata kwapa. Nikapiga kamba za viatu mafundo mawili. Yeye akavaa vile vinavyompwaya na soksi mbilimbili.

Ukumbi mtupu una sauti yake. Dirisha la juu lina kioo kilichovunjika, jua huingia pale na kuweka kipande cheupe karibu na mstari wa adhabu. Nikaudunda mpira mara ya kwanza — na tumbo likasikia. Sauti ile haijaenda popote! Ilikuwa hapo siku zote, imekaa kama mtu anayesubiri kuitwa ndani.

Nilimwonyesha vyote. Nikapita katikati ya miguu, nyuma ya mgongo, nikasimama ghafla mpaka adui wa kufikirika akapitiliza akaanguka. Nikatupa kutoka mbali: ndani. Tena: ndani. Ya tatu ikagonga pete ikaruka mpaka kwenye ndoo ya maji ya paa linalovuja. Tukacheka.

"Sasa wewe."

"Mama hapendi."

"Mama hayupo," nikasema. Kisha nikasikia nilichosema. Sote wawili tulisikia. Nikampa mpira.

Ana mikono jamani. Nilimwelekeza kidogo tu — kiwiko, vidole, usiutazame mpira, haukimbii. Hakukosea mara mbili jambo lile lile. Alipofunga cha kwanza hakushangilia. Aliangalia mkono wake, nyuma na mbele, kana kwamba ameupata sokoni. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Nikamwambia anipige video basi, hapa hapa, nani atajua! Akatikisa kichwa.

"Hii siyo mechi."

Hapo alikuwa mimi mtupu. Hiyo ni damu yangu, haidanganyi hata kwa faida yake.

Tumerudi tukiwa tumelowa jasho, anabeba begi langu. Kwenye ngazi goti likagoma. Akaniwekea bega. Nikaegemea. Hakika ningeweza kupanda mwenyewe.

Nimemwambia habari ya kocha na filimbi. Akauliza, "Ukikataa, unarudi nyumbani?" Nikasema ndiyo. Akasema kule kuna uwanja nyuma ya shule. Pete imepinda. Lakini ipo.


Jumamosi, 22 Machi. Asubuhi

Nimechelewa kuamka. Goti kama mlango wa jela. Binti ameshaamka zamani, ameshafagia, ameshachemsha mayai, mikono yake inanukia sabuni.

Na begi langu liko tayari mlangoni! Kanipangia. Nilifungua zipu kidogo tu, nikaona taulo juu, limekunjwa kwa ile mikunjo ya dada: tatu kwa urefu, kisha nusu, kona zimeshikana kama mashahidi waliokubaliana. Maisha yangu yote natupia vitu humo kama napakia kuni. Sikulichokonoa. Nimefunga zipu. Nilitaka kufika nalo likiwa vile vile.

Hajawahi mtu kunipangia begi.

Nimevaa fulana ya rangi, koti juu. Tunatoka. Anatangulia kushuka ngazi, anageuka kuona kama nashuka vizuri. Simu yake haina chaji ya kutosha, anasema haidhuru, video ya benchi anayo tayari.


Baadaye. Mapumziko

Chumba cha kubadilishia nguo. Naandika kwa sababu mikono haina kazi nyingine, na nisipoipa kazi itanitia aibu.

Haraka basi. Winga yule muua mende kaamka na homa, hayupo. Cheche kaanza kwa moto, akashika faulo ya kwanza, ya pili, ya tatu — na kabla tu ya mapumziko, ya nne! Ya tano anatolewa moja kwa moja. Tunaongoza kwa pointi chache, za kuazima. Kocha kaingia hapa uso umemshuka, akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu.

"Bibi. Robo ya tatu unaanza wewe. Cheche akae mpaka robo ya mwisho. Utaiweza?"

Mchua akaliangalia goti. Goti likakaa kimya, kwa adabu. Nikasema naiweza.

Twiga akanipiga mgongoni nusura nimeze ulimi. "Jengo la kihistoria limefunguliwa kwa wageni!" Wote wakapiga makofi. Cheche kaja na taulo kichwani, machozi mpaka kwenye kidevu, akaniambia yule wa nambari nne anapenda kupita upande wa kulia, mnyime upande huo. Kila nilichomfundisha, ananirudishia. Nikambusu paji la uso. Moyo unaruka kama wa msichana.

Nikalifungua begi.

Taulo. Chini yake bukta. Chini yake viatu, kila kimoja ndani ya soksi yake. Chupa ya maji. Chungwa limemenywa, limefungwa kwenye mfuko. Bandeji ya goti imeviringishwa kama keki. Nikafika chini kabisa. Nikagusa kitambaa cha begi.

Nikatoa vyote, nikavipanga kwenye benchi, nikavitazama. Mikunjo mizuri mno.

Mama Vifaa kaenda stoo. Jezi zilizopo ni za buluu, za ugenini. Refa hakubali rangi mbili kwenye timu moja. Nyeupe ya muua mende iko kwake, pamoja na homa yake. Kuazima nyeupe ya Cheche? Nambari yake imeandikwa kwenye meza ya wahesabu pointi kwa jina lake, na faulo zake nne juu. Mama Vifaa kaenda hata hivyo kuwauliza watu wa meza. Kocha haelewi bado kinachoendelea. Ameona naandika. Nimemsikia mlangoni akiwaambia wenzangu kwa sauti ya chini, "Mnaona? Hata sasa. Hata sasa anaandika."

Twiga alikwenda kumwita binti jukwaani. Amekuja mpaka mlangoni, simu ameishika mbele, imeshawashwa — ameambiwa nacheza! Uso wote ni meno. Nikamwonyesha begi tupu.

Meno yakaondoka, moja moja.

Jezi ilikuwa na jasho la jana, anasema. Aliamka mapema akaifua, kwa mikono, kola akaisugua mara mbili. Ilikuwa haijakauka. Akaona si kitu, maana aliniona Jumatano, na leo asubuhi aliniona tena navaa ile ya rangi. Alitaka niikute safi nikirudi.

"Samahani," akasema. Kisha, pale mahali ambapo siku zote panabaki wazi, akaweka: "Mama."

Kengele ya kwanza imelia. Kocha anaita jina langu halisi, sijalisikia siku nyingi. Binti ameshika mkono wa fulana yangu, hajaachia.

Jezi iko kwenye kamba, nyuma ya jengo, upande usiofikiwa na jua.